Eagle Tavern ya Greenfield Village: maswali ninayoulizwa kila nikipeleka wageni

Nakaa Michigan, na kila ndugu au rafiki akija kututembelea, iwe anatokea Dar, Mombasa au hapo Grand Rapids tu ambako Waswahili na Wakongo wamejaa siku hizi, lazima nimpeleke Dearborn kuona Greenfield Village, makumbusho ya wazi aliyoianzisha Henry Ford, na lazima tuishie mezani Eagle Tavern. Maswali huwa yaleyale, tunayaanza kwenye gari na hayaishi mpaka chakula kinafika, sasa nimeona niyakusanye sehemu moja na majibu yake.

Eagle Tavern ni nini hasa? Ni baa, gesti au mgahawa?

Vyote kwa pamoja, ndo maana inachanganya. Fikiria zile sehemu mabasi ya mikoani yanasimama, Korogwe au Mtito Andei, abiria wanashuka wananyoosha miguu, wanakula chap chap, dereva anapiga honi. Sasa ongezea vyumba vya kulala juu, baa chini, mazizi ya farasi nyuma na ukumbi wa dansi ghorofani, hapo umeshapata picha. Ni jengo la mbao, chini na juu, jeupe, lina kibaraza kirefu mbele chenye nguzo. Lilijengwa mwaka 1831 kijiji cha Clinton, kusini magharibi mwa Detroit, umbali wa maili 50 na ushee, na lilikuwa ndo kituo cha kwanza cha kulala kwa abiria wa magari ya farasi waliotoka Detroit kwenda Chicago. "Eagle" ni tai, ndege wa kwenye nembo ya taifa la Marekani tangu 1782, na zamani ukipita barabarani huku ulikuwa unakuta gesti kibao zenye jina la tai na kibao chenye picha ya tai, hata asiyejua kusoma ajue pa kusimama.

Leo hii hulali pale, unakula tu. Ila unakula kama vile ni mwaka 1850, na hilo nitalieleza chini.

Makumbusho ya wazi maana yake nini?

Makumbusho ambayo vitu vyake vya kuangaliwa ni nyumba zenyewe na mitaa yenyewe, unatembea nje, unaingia humu unatoka kule. Wazo lilianzia Sweden, bwana Artur Hazelius alifungua Skansen pale Stockholm mwaka 1891. Watu wa Dar mnalo la kwenu, Makumbusho ya Kijiji pale barabara ya Bagamoyo, hapohapo lilipotoka jina la stendi ya Makumbusho. Tofauti ni kwamba zile nyumba za Dar zilijengwa palepale kwa ufundi wa makabila mbalimbali, lakini Greenfield Village nyumba nyingi zilibomolewa zilikokuwa, zikasafirishwa, zikasimamishwa upya. Kuna majengo ya kihistoria karibu 100 ndani ya ekari 80. Duka la baiskeli la wale ndugu Wright waliotengeneza ndege lilitolewa Dayton, Ohio, likaletwa hapo mwaka 1937. Sasa ukiliona hilo ndo utaelewa kuhamisha gesti nzima kwao halikuwa jambo la kushangaza.

Kwa nini gesti kubwa hivyo ijengwe kijijini, tena porini wakati ule?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu watu wengi wanaiangalia hii nyumba kama nyumba ya pombe wakati ni nyumba ya barabara. Usipoijua barabara huwezi kuielewa.

Anza na maji. Mwaka 1825 mfereji wa Erie ulifunguliwa jimbo la New York, ukaunganisha mto Hudson na ziwa Erie, na ghafla mkulima wa mashariki aliyechoka na shamba la mawe akawa anaweza kupakia familia na vyombo kwenye boti mpaka Buffalo, apande meli ya moshi, ashukie Detroit. Gavana aliyeupigania huo mfereji wakati wengine wanamcheka aliitwa DeWitt Clinton, na kijiji cha Clinton kimebeba jina lake, yaani watu walifika Michigan kwa mfereji wake wakakipa kijiji jina lake, hiyo ni shukrani ya wazi kabisa. Mwaka huohuo wa 1825 Bunge la Marekani likatoa hela ya kupima barabara ya kutoka Detroit mpaka Chicago, wakaiita Chicago Road. Sasa unganisha mwenyewe, watu wanashuka Detroit kwa maelfu na mbele yao kuna njia moja kubwa ya kwenda magharibi. Mwaka 1830 sensa ilihesabu watu kama 30,000 tu Michigan, mwaka 1840 wakawa zaidi ya 212,000. Miaka kumi tu! Na wengi wao walipita barabara hiyo, wakilala mahali.

Na barabara yenyewe usiwaze lami. Kulikuwa na visiki katikati ya njia, kulikuwa na matope ya kufika kwenye ekseli, na kwenye vinamasi walilaza magogo moja baada ya jingine kwa upana wa njia, gari likipita juu yake meno yanagongana. Abiria walikuwa wanashuka kusukuma. Kutoka Detroit mpaka Chicago ilikuwa kama siku tano ukibahatika. Ukitoka Detroit alfajiri, jioni ndo unaingia Clinton, umeloa, una njaa, mgongo unauma, na mbele yako unaona dirisha lina mwanga wa mishumaa. Hiyo ndo biashara yenyewe, gesti ilijengwa pale ambapo mwili wa binadamu na wa farasi ulikuwa unachokea.

Hiyo njia kabla ya wazungu ilikuwa ya nani?

Ya wenyeji. Chicago Road haikuchorwa kwenye karatasi tupu, ilifuata njia ya miguu ya Wahindi Wekundu inayoitwa Sauk Trail, iliyokuwa inatumika muda mrefu kabla hajafika mpima ardhi yeyote, na ndo maana ukiiangalia kwenye ramani inapindapinda, inakwepa maji na kufuata nchi kavu, maana waliotembea kwa miguu walijua pa kupita. Ardhi ya upande huo ilikuwa ya Wapotawatomi. Mikataba ya Chicago ya 1821 na 1833 iliwatoa kwenye sehemu kubwa ya nchi yao, na mwishoni mwa miaka ya 1830 wengi wakasukumwa kwa nguvu kuvuka mto Mississippi, wengine wakifia njiani. Sio wote walioondoka, Wapotawatomi wa Pokagon wapo Michigan mpaka leo. Kwahiyo ukikaa pale ukala supu yako jua kwamba mteja wa kwanza wa hiyo gesti alipitia kwenye njia ya watu waliokuwa wanafukuzwa miaka ileile.

Mbona kila kitabu kinaipa jina tofauti?

Kwa sababu kila mwenye nyumba alikuja na lake. Mwanzo iliitwa Parks Tavern, baadaye ikawa Eagle Tavern, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ikaitwa Union Hotel kuonyesha wako upande wa Muungano, ule wa kaskazini, halafu ikawa chini ya familia ya Smith miaka mingi, na Henry Ford alipoichukua akaiita Clinton Inn. Jina la Eagle Tavern lilirudishwa mwaka 1982. Ukikuta picha ya zamani imeandikwa Clinton Inn, ni nyumba hiihii.

Calvin Wood ndo nani? Kuna mhudumu katuambia tuko kwa Calvin Wood

Calvin Wood na mkewe Harriet ndo walioiendesha kuanzia 1849 mpaka 1854, na makumbusho imeamua kuonyesha enzi yao. Kwahiyo anayekukaribisha mlangoni amevaa kama mtu wa 1850 na anaongea kama wewe ni msafiri uliyeshuka kwenye gari la farasi. Mjibu tu, mwambie unatoka mbali, wanafurahi. Mjomba wangu alimwambia mhudumu katoka Tanga kwa siku mbili na yule dada akashika kichwa, akamuuliza farasi wake wako hali gani.

Bwana Wood alikuwa mkulima vilevile, na hilo lilikuwa la kawaida, gesti bila shamba usingeiweza, maana nyama, mayai, maziwa na mboga vyote vilitoka karibu. Ila mimi huwa nawaambia wageni wamuwaze zaidi mama Harriet. Kwenye gesti za wakati ule baba ndo alikuwa anaonekana, yuko kibarazani anapokea wageni, anazungumza siasa, anamimina vinywaji. Lakini kupika kwa ajili ya gari zima la watu wanaofika kwa pamoja, kufua mashuka kwa mkono, kusimamia wasichana wa kazi, kuhifadhi chakula cha miezi ya barafu, hayo yalikuwa ya wanawake. Mliokulia nyumba zenye mgahawa au mama ntilie mnaijua hiyo kazi vizuri, ile ya kuamka saa kumi alfajiri kukoka moto wakati mwenye jina kwenye kibao bado kalala.

Kwa nini wamechagua mwaka 1850 na sio 1831 ilipojengwa?

Sababu ya kwanza ni kwamba 1850 inajulikana vizuri. Sensa ya mwaka huo ndo ya kwanza Marekani kuandika jina la kila mtu huru ndani ya nyumba, zile za nyuma ziliandika jina la kichwa cha familia tu, waliobaki wakawa namba. Mtafiti akitaka kujua nani alikaa wapi na alifanya kazi gani, 1850 ni dhahabu. (Angalia nimesema mtu huru, watumwa wa kusini waliendelea kuandikwa kama umri na jinsia chini ya jina la bwana wao, bila majina.)

Ya pili, ni mwaka ambao kila kitu kinabishaniwa. Reli inakuja lakini haijaua biashara ya barabara. Pombe inanyweka lakini kuna watu wanaipiga vita. Bunge linapitisha sheria ya kukamata watumwa waliotoroka. Mezani kwa bwana Wood habari zote hizo zilifika na magazeti na wasafiri, maana gesti ndo ilikuwa redio ya kijiji. Kwa maoni yangu wamechagua vizuri sana, wangechukua 1831 wangepata kibanda kipya na matope.

Watu walikuwa wanalala vipi humo?

Kwa kubanana. Kulipia kitanda hakukumaanisha kitanda ni chako peke yako, mwanaume ungeweza kulazwa na mwanaume usiyemjua na ukiamka unakuta wa tatu kaingia usiku. Wakijaa sana watu walilala chini. Wanawake walikuwa na sebule yao mbali na baa, kwa sababu baa ilikuwa ya wanaume, kuna moshi wa tumbaku na mate ya tumbaku sakafuni. Hiyo sebule ya akina mama mpaka leo utaonyeshwa. Ukumbi wa juu ndo ulikuwa wa sherehe, dansi, mikutano, watu wa vijiji vya jirani wanakuja kwa magari ya kuteleza kwenye theluji wakati wa baridi na wanacheza mpaka asubuhi.

Na pombe je? Walikuwa wanakunywa kweli kama tunavyosikia?

Walikuwa wanakunywa kwelikweli. Kuzunguka mwaka 1830 wanahistoria wanakadiria kila Mmarekani wa miaka 15 kwenda juu alikuwa anakunywa karibu galoni 7 za kilevi halisi kwa mwaka, yaani lita 26 hivi, na hapo ni kilevi chenyewe kimechujwa maji yote, sio chupa. Sababu zipo na ni za kiuchumi zaidi. Mahindi ukiyavuna porini huwezi kuyasafirisha mbali kwenye barabara ile, yatakula faida yote, lakini ukiyageuza wiski yanabebeka kwa pipa na hayaozi. Matufaha vilevile, unayakamua yanakuwa juisi, inachacha inakuwa pombe, ukiigandisha au kuitonesha inakuwa brandi kali, ndo hiyo wanayoiita Jersey lightning, radi ya Jersey, mpaka leo ipo kwenye orodha ya vinywaji pale.

Halafu ikaja harakati ya kupinga ulevi. Makanisa, akina mama waliochoka kuona mshahara unaishia kaunta, waajiri, wakaungana, na ndani ya miaka kama kumi na tano unywaji ukashuka vibaya mno. Michigan ilipoandika katiba mpya ya 1850 wakaweka kifungu cha kulizuia bunge lao kutoa leseni za kuuza pombe kali, na mwaka 1855 wakapitisha sheria ya kupiga marufuku pombe yenyewe, ingawa utekelezaji wake ulikuwa legelege. Muwaze bwana Wood katikati ya hapo, nusu ya kijiji inataka afunge baa na nusu nyingine iko ndani ya baa. Ndo maana gesti za wakati huo zilianza kuuza pia vinywaji visivyolevya, na ndo maana pale leo utakuta orodha mbili, ya vilevi na ya wasiokunywa. Sio ujanja wa kibiashara wa sasa, ni historia yenyewe.

Wakati wa Henry Ford hakukuwa na tone. Yeye hakuwa mnywaji wala mvutaji, na baa ya hii nyumba ilikaa kama pambo muda wote alipokuwa hai.

Kwa nini mrija ni makaroni?

Ha, watoto wanapenda hii. Ukiagiza kinywaji wanakuwekea makaroni mbichi ndefu yenye tundu ndo unyonyee. Mrija wa karatasi ulipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1888, kabla ya hapo watu walitumia mabua ya nafaka, au makaroni kama hivi. Kunywa haraka, ikikaa sana inalainika.

Mtu mweusi angeweza kuingia hapo mwaka 1850?

Naulizwa hili kwa sauti ya chini, watu wanaona aibu kuuliza mbele ya wahudumu. Msione aibu, ulizeni kwa sauti, wale wamefundishwa kujibu.

Michigan utumwa ulikatazwa kwa maandishi tangu sheria ya 1787 ya maeneo ya kaskazini magharibi na tena katika katiba ya jimbo. Lakini kukataza utumwa sio kumpokea mtu. Mwaka 1827 ilipitishwa sheria ya kumtaka kila mweusi anayehamia Michigan aonyeshe cheti cha uhuru, ajiandikishe, na aweke dhamana ya dola 500, hela ambayo mkulima wa kawaida hakuwahi kuishika kwa pamoja. Kupiga kura ilikuwa ya wanaume weupe mpaka 1870. Na sheria ya jimbo ya kukataza ubaguzi kwenye gesti na migahawa ilikuja mwaka 1885. Kwahiyo 1850 ungesimama mlangoni, na kuingia kwako kungetegemea roho ya mwenye nyumba na sura za wateja waliokaa ndani.

Lakini kuna upande mwingine na ndo unaonifanya niipende hii wilaya. Clinton ipo Lenawee, na Lenawee ndo ilikuwa nyumbani kwa Laura Smith Haviland, mama aliyeanzisha na wenzake chama cha wanawake wa kupinga utumwa mwaka 1832, halafu mwaka 1837 yeye na mumewe wakafungua shule, Raisin Institute, iliyopokea watoto weusi na weupe, wa kiume na wa kike, darasa moja. Wakati huo! Waliotoroka utumwa kutoka kusini walikuwa wanapitishwa nyumba hadi nyumba kusini mwa Michigan mpaka Detroit, na Detroit wanavuka mto tu wako Kanada, wako huru. Kanisa la Second Baptist la Detroit, lililoanzishwa na watu weusi mwaka 1836, lilikuwa moja ya vituo vyao vikubwa.

Mwaka 1847 kwenye mji wa Marshall, magharibi zaidi, watu walitumwa kutoka Kentucky kuja kumkamata Adam Crosswhite na familia yake waliokuwa wametoroka utumwa, majirani weusi kwa weupe wakajazana nyumbani kwake wakawazuia, familia ikapelekwa Kanada. Wenye watumwa walikasirika sana, na kesi hiyo ni moja ya mambo waliyoyabeba kwenda Washington kudai sheria kali zaidi, wakaipata Septemba 1850. Kuanzia hapo raia yeyote, hata wa Clinton, angeweza kuamriwa asaidie kumkamata mtu, na akikutwa kamficha analipa faini na kufungwa. Unaona sasa mwaka 1850 ulivyo mzito? Meza ileile unayolia pai, huo mwaka ingeweza kukaa na msaka watumwa upande mmoja na mtu wa kundi la mama Haviland upande wa pili, wote wanachota kwenye bakuli moja, maana chakula kilikuwa kinawekwa katikati.

Biashara ilikufaje?

Treni. Mwaka 1852 reli mbili za Michigan zilifika Chicago, na safari ya siku tano ikawa ya chini ya siku moja. Barabara haikufungwa, ila msafiri wa mbali, yule mwenye hela ya kitanda na chakula cha usiku, akahamia relini. Mnaofuatilia miji ya njia ya Mombasa na Nairobi tangu SGR ianze 2017 mnaielewa hii bila mimi kueleza. Familia ya Wood iliondoka 1854. Miaka ya 1860 ikanunuliwa na Walter Hubbell Smith, ikaendelea kama hoteli ndogo ya kijijini ya wateja wa hapa na pale, na binti yake Mary Ella Smith akabaki nayo mpaka uzeeni, jengo likizidi kuchakaa.

Na hapa nisikilizeni. Ile miaka ya kukosa hela ndo iliyoiokoa. Gesti zilizopata wateja zilivunjwa zikajengwa za matofali, zikabadilishwa sura, zikaungua. Hii ya Clinton haikuwa na mtu wa kuipa sura mpya, na mama mmoja hakuiacha.

Henry Ford aliingiaje?

Ford alizaliwa 1863 kwenye shamba hukohuko Dearborn, na alipopata hela ya magari akaanza kutafuta vitu vya utoto wake na vya kabla yake. Mwaka 1916 alishawahi kuliambia gazeti kwamba historia ni upuuzi, na watu walimcheka nayo maisha yake yote, ila aliyokuwa anayakataa ni historia ya wafalme na vita, alitaka historia ya jembe, jiko na gurudumu. Mwaka 1923 alinunua gesti ya Wayside Inn kule Massachusetts, mwaka uliofuata akanunua Botsford Inn jirani na Detroit ambako enzi za ujana alicheza dansi na Clara kabla hawajaoana. Kwahiyo alipoijua hii ya Clinton, katikati ya miaka ya 1920, alikuwa tayari mtu wa magesti. Safari hii lakini alitaka kuibeba. Mwaka 1927 ikaanza kufunguliwa vipande chini ya msanifu wake Edward Cutler, ikapelekwa Dearborn.

Oktoba 21, 1929 alifanya sherehe kubwa ya miaka 50 ya taa ya Thomas Edison, akaja Edison mwenyewe, Rais Hoover, Marie Curie, Orville Wright, mvua ikanyesha mitaa yote matope, na wageni wakapata chakula cha mchana ndani ya hii nyumba. Nadhani matope yale yaliifaa kuliko jua, ndo hali iliyozoea kupokea watu nayo. Baadaye Ford alianzisha shule ndani ya kijiji na wanafunzi wakawa wanakula hapo.

Simpambi Ford. Miaka hiyohiyo gazeti lake lilikuwa linaeneza chuki dhidi ya Wayahudi, na Marekani ya zamani aliyoijenga upya ilikuwa safi mno na haikuwa na nafasi ya kila mtu. Yote mawili ni kweli na mtu asikulazimishe uchague moja.

Sasa hilo jengo ni lilelile au ni la kuigiza?

Ni lilelile lakini limepitia mikono mingi. Mbao zilizooza zilibadilishwa, Cutler alirekebisha alipoona panafaa, na kwa miaka zaidi ya hamsini ilionyeshwa kama ndoto ya Ford ya gesti ya zamani, na samani za kila aina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa makumbusho walikaa chini, wakapekua kumbukumbu, wakagundua akina Wood, wakaitoa ndoto wakaweka mwaka mmoja na familia moja. Wapo wanaosema jengo likihamishwa linakufa. Mimi hilo swali lilinisumbua mpaka siku niliyosimama ukumbini juu, nikaona jinsi ulivyo mkubwa kuliko vyumba vya kulala, nikaelewa kwamba kilichowaleta watu wa jirani hapo ni kukutana. Hilo limehama na jengo.

Chakula kikoje, na sisi Waislamu tunaweza kula?

Chakula kinafuata msimu, kwa sababu 1850 hakukuwa na friji. Masika unakuta vitu vilivyolala stoo majira ya baridi, mboga za mizizi na achari, kiangazi mboga mbichi na matunda, vuli ndo maboga na matufaha na nyama nyingi. Chumvi, siki na moshi vinafanya kazi kubwa. Ukizoea pilipili na nazi utaona kimepoa, omba achari.

Kitimoto ipo, na tena kwenye jiko la 1850 mafuta ya nguruwe ndo yalikuwa mafuta ya kila kitu, hata kwenye pai. Kwahiyo msiangalie nyama peke yake, muulizeni mhudumu kila sahani imepikwa na nini kabla ya kuagiza, wanajibu vizuri na hawachoki. Mimi wageni wangu Waislamu kwa kawaida wanaishia kwenye mboga, mkate, na vinywaji visivyolevya, na wanatoka wameshiba.

Kiingilio je? Na wakati wa baridi?

Unalipa kwanza kuingia Greenfield Village, halafu chakula chako. Kijiji hufungwa miezi ya baridi kali baada ya mwaka mpya na hufunguliwa tena Aprili. Desemba jioni kuna Holiday Nights, mishumaa, moto, theluji, ukiweza kubeba koti zito nenda siku hiyo, lakini tiketi zinaisha mapema.

Na Clinton yenyewe bado ipo?

Ipo, mji mdogo kando ya mto Raisin, na Chicago Road bado inapita katikati yake, sasa inaitwa US-12. Ukimaliza kula Dearborn kama una muda, ifuate Michigan Avenue magharibi, ndo barabara ileile, usipande haiwei. Ni kama saa moja na kidogo. Pita taratibu, zima redio, na mhesabie abiria wa 1835 ambaye alianza alfajiri na sasa hivi, jua linazama, ndo kwanza anaiona Clinton.